Amasho ya Punda

Siv alikufa Alhamisi asubuhi, amelalia ubavu wa kushoto kwenye mabua, na leo Jumapili bado sijaiosha ndoo yake. Alikuwa na miaka arobaini hivi, na kwa punda huo ni uzee wa kujivunia. Watu wa huku wakishajua nilikotoka hunikaribisha kahawa, wakainamisha kichwa upande mmoja, wakangoja nianze habari za vita. Nimewangojesha miaka mingi. Siwaambii. Wazazi wangu, kijiji chetu, njia tuliyopita, kambi ya Kigoma, hayo ni yangu, na anayeyataka sana akayatafute kwingine. Habari ninayotaka kuisimulia mimi ni ya punda wanne na mwaka mmoja. Anayeona ni habari ndogo kwa mtu kama mimi, afunge kitabu akalale.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kitanda changu kilikuwa kochi la sebuleni kwa Mama Deo, Märsta, ghorofa ya tatu. Mama Deo si mama yangu wala shangazi yangu. Ni mwanamke wa kwetu Burundi niliyekaa naye kambini. Alitangulia kuja Sweden, na mimi nilipofika na begi moja akaligonga kochi mara mbili kwa kiganja, akasema, "Weye utalala hapa." Mungu ambariki kwa kochi lile, nasema hivyo sasa, kabla sijaanza kumsema. Sebule ilinuka pasi na vitunguu. Cherehani ilikaa dirishani, maana aliwashonea imvutano, yale mavazi yetu ya sherehe ya vitambaa viwili, wanawake wote wa Kirundi kuanzia Alby mpaka Hallonbergen, na kila nilipoamka nilikuwa na vipande vya uzi kwenye nywele. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaanza kazi uwanja wa ndege, nasugua vyoo vya abiria. Saa sita mchana namaliza, napanda basi, narudi kwenye kochi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na kila mtu aliniambia nishukuru. Shukuru, Spesi, una kazi. Shukuru, una kibali. Nilishukuru mpaka mdomo ukakauka.

Siku moja ya mwezi wa nne nilisinzia kwenye basi nikapitiliza vituo vinne. Nikashuka katikati ya mashamba, theluji chafu bado imo mitaroni, nikaanza kurudi kwa miguu huku najitukana. Ndipo nikasikia sauti, kama mtu anayevuta maji kwa pampu iliyokauka: hii-haa, hii-haa. Nikasimama. Punda nilimjua kwa methali kabla sijamjua kwa macho. Kijijini kwetu hawakuwepo, ila shuleni kambini mwalimu wetu Mtanzania alituandikia ubaoni: fadhila za punda ni mashuzi; ahsante ya punda ni mateke; punda afe, mzigo ufike. Tukanakili, tukacheka. Katika daftari lile zima hapakuwa na methali hata moja ya kumsemea mema. Na sasa hawa hapa, wanne, wamepanga mstari kwenye uzio, manyoya yametimka kama magodoro ya kale, wananitazama. Hawakuinamisha kichwa upande. Hawakutaka kujua lolote. Nikatia mkono mfukoni nikatoa kipande cha mkate.

"Usiwape mkate!" Hilo ndilo neno la kwanza Gunnel aliloniambia maishani. Alitokea nyuma ya banda na toroli, mwanamke wa miaka sabini, mpana, amevaa viatu vya mvua vya kiume. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na sauti ya kuwanyamazisha watoto mia tatu ilikuwa bado imo kooni. Alinitazama, akatazama sare yangu ya usafi, akaniuliza kama najua kushika uma wa samadi. Nikasema najua. Uongo mtupu. Akanipa uma, na ndivyo tulivyoanza. Hakuniuliza jina mpaka toroli la tatu.

Punda wote wanne walikuwa wamekataliwa mahali. Siv, jike la kijivu lenye msalaba mweusi mgongoni, alikuwa akibeba watoto kwenye bustani ya michezo mpaka bustani ikafungwa. Pelle na Tora walitoka kwa mume na mke walioachana, na hakuna aliyewataka. Knut alinunuliwa awalinde kondoo, kumbe anawaogopa kondoo. Gunnel alinieleza haya bila huruma yoyote, anapanga karoti. "Wamekuja, wamekaa," akasema, basi. Mimi nilikuwa nimezoea kusikia watu wa ofisini wakieleza kwa karatasi nane kwa nini mtu fulani akae au asikae. Maneno mawili yale yalinifanya nirudi kesho yake, na keshokutwa.

Nikawa nakwenda kila siku, nikishuka kwa makusudi kituo kile nilichofika kwa usingizi. Saa saba na robo basi likifunga breki, Knut alikuwa anaanza kulia, wenzake wanamfuata, dereva anacheka. Tulizoa samadi, tukachambua kwato kwa chuma kilichopinda, tukawapiga brashi mpaka pua zikajaa vumbi. Nilijifunza kwamba mvua humwingia punda hadi ngozini, si kama farasi, kwa hiyo wingu likija unawaingiza bandani hata kama hawataki. Na Siv hakutaka kamwe. Siku za kwanza niliivuta kamba yake mpaka viganja vikachubuka, yeye amesimama kama amepandwa. Gunnel alitoka jikoni na taulo begani. "Hakatai," akasema. "Anafikiri. Ukimvuta anajua wewe ndiye unayeogopa. Mpe mgongo, legeza kamba, uende zako." Nikampa mgongo. Nikahesabu pumzi kumi na moja. Kisha nikasikia kwato nyuma yangu, tap, tap, bila haraka, kama mtu aliyeamua mwenyewe.

Baada ya kazi tulikula. Jiko lake lilikuwa dogo, la manjano, na saa ya ukutani iliyokuwa mbele dakika saba kwa sababu aliipenda hivyo. Viazi vya kuchemsha, samaki wa chumvi, mkate mgumu unaovunjika kama kigae. Alhamisi supu ya dengu za njano na chapati nyembamba za maziwa zenye jamu. Sikuweza kumwita Gunnel hivihivi, mtu mzima wa kunizaa mara mbili, nikawa namwita Mama Gunnel. Miezi miwili alidhani "mama" ni namna tunavyosema "hujambo," akawa ananijibu, "Mama, Spes!" Nilipomweleza, akaniongezea kiazi.

Kwa Mama Deo mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa nalala kochini, ukuta wa jikoni ni mwembamba, namsikia kwenye simu na wanawake wa kanisa. "Mana yanje, Mungu wangu! Amevuka mabara mawili, akaja Ulaya kuzoa mavi ya punda. Bila mshahara, sha! Huyo si mtu wa kuolewa kwa ng'ombe wala kwa mbuzi." Kisha kicheko. Jumapili tulisali Hallonbergen, kwenye ukumbi wa kukodi. Baada ya ibada, wali na maharage vikiwa mezani, viti viwili kushoto na kulia kwangu vilikuwa havina watu kwa sababu ya harufu, japo nilijisugua mpaka nikawa mwekundu. Dada mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti kama Bwana ameniita kwenye uchungaji wa punda. Nikaweka uma chini. "Dada yangu," nikamwambia, "Yesu aliingia Yerusalemu amepanda nini? Teksi?" Watu wakapaliwa. Mama Deo hakusema nami njia nzima, tangu Hallonbergen mpaka Märsta, na hiyo ni safari ndefu ya kununiwa.

Sasa ngoja niseme kosa langu, nilitaje mwenyewe. Mwezi wa saba Gunnel aliteleza kwenye ngazi ya banda akavunjika nyonga. Wakampeleka hospitali, kisha kwenye nyumba ya kupumzikia wagonjwa, na mimi nikabaki na ufunguo na punda wanne. Kuna jambo lilikuwa limenikera tangu mwanzo. Gunnel aliwaweka kwenye kipande cha ardhi chenye upara, akiwapa mabua ya shayiri, na hatua tatu tu ng'ambo ya uzio kulikuwa na nyasi mbichi za kufika gotini. Niliona ni ubahili wa kizungu. Kwetu anayekupenda anakulisha. Ukirudi safari watu wakikuambia "umenenepa!" hiyo ni sifa, maana yake ulikokwenda ulitunzwa. Kambini walitupima mkono kwa utepe kuona nani amekonda. Sikuona hata siku moja mtu akipimwa akaambiwa amezidi. Basi siku ya pili baada ya Gunnel kuondoka niliuzima umeme wa uzio, nikang'oa vigingi, nikausogeza. Mungu wangu, walivyokula! Nilisimama pale nimejishika kiuno, moyo umejaa. Nikawaongezea tufaha. Nikawaongezea na mkate, ule ule niliokatazwa. Kufika mwezi wa nane walikuwa wameviringana, na Siv alikuwa na nundu ya mafuta shingoni iliyolalia upande. Nilimpiga picha nikamwonyesha Mama Deo. Hata yeye alikubali: "Kweli, huyo ameshiba."

Wiki ile ile Siv aligoma kutembea. Nikampa mgongo, nikahesabu kumi na moja, ishirini, hamsini. Sikusikia kwato. Nikageuka nikamwona amerudisha uzito wote nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha kama mtu anayeogopa sakafu ya moto. Nikampigia simu Lennart, mwana wa Gunnel, mtu wa ofisini, mstaarabu, aliyekuwa akija na viatu visivyofaa shambani. Akaja na daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya seremala. Aligusa kwato, akagusa ile nundu, akauliza, "Nani amewanenepesha hivi?" Nilidhani ananisifu. Ilinichukua sekunde kuona uso wake. Alieleza polepole ili nimwelewe: punda ni mnyama wa jangwa, nyasi tamu ni sumu kwake, damu inachafuka, ndani ya kwato kunavimba na mfupa unaweza kushuka mpaka ukatoboa. "Uzio umesogezwa," akasema. Lennart akasema labda ni upepo. Daktari akaitikia kwa kichwa, anafunga mkoba. Pale pale ningeweza kunyamaza, na upepo usingeniumbua. "Ni mimi," nikasema. "Nilidhani wana njaa." Nilikuwa naua kwa mapenzi, kwa mikono yangu hii, na hakuna methali iliyokuwa imenitahadharisha.

Nilikuwa nasuuza ndoo nyuma ya jiko niliposikia Lennart akiongea na mama yake kwenye simu. Sikumsikia mama, nilimsikia yeye. Mama hawezi tena. Msichana ana nia njema lakini hajui. Hakuna atakayechukua wanne, na daktari anasema hawatenganishwi, punda hufa kwa upweke. Kisha akasema neno ambalo mimi, kwa bahati mbaya, nililijua: *ta bort*. Kiswidi changu kilikuwa cha darasa la jioni na cha vyoo vya uwanja wa ndege, na kazini nililisikia mara ishirini kwa siku. Ta bort, ondoa. Ondoa takataka, ondoa doa, ondoa ubani wa kutafuna chini ya kiti. Nikafikiri, basi, wataondolewa, watapelekwa kwa mtu anayejua kuliko mimi. Niliumia, lakini nikajiambia ninastahili. Siku nne nzima niliwaaga, mmoja mmoja, nikawaahidi watakapokwenda kutakuwa pazuri.

Siku ya tano daktari alirudi kumtazama Siv. Nikamuuliza wanapelekwa mji gani. Aliacha kukunja bandeji. "Hawapelekwi, Spes. Tunasema ta bort. Maana yake watauawa. Tunasema hivyo ili isiume." Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Mimi, mimi wa kutolijua neno hilo! Kwetu pia, mambo yalipoharibika, hakuna aliyesema fulani ameuawa. Tulisema wamemchukua. Hapo naishia, nimeshasema sisimulii. Ila siku ile, nimesimama bandani na ndoo mkononi, nilisikia hasira ikipanda kutoka kwenye nyayo, hasira safi ambayo sikuwa nimejiruhusu tangu nitue nchi hii ya kushukuru. Nikasema kwa Kiswahili, daktari hakuelewa neno: "Thubutu! Safari hii hachukuliwi mtu."

Nikapanda treni na sare yangu ya kazi nikaenda alikolazwa Gunnel. Nilimkuta amekaa dirishani, amepungua, anakula jeli kwa kijiko cha plastiki kwa dharau kubwa. Nikamwambia kila kitu: uzio, tufaha, mkate. Nililia, sioni aibu. Alimaliza jeli yote kwanza. "Nilikuambia mkate usiwape," akasema. Halafu akaomba simu, akampigia mwanawe, akamwambia nyumba bado ni yake na punda bado ni wake. Walivutana muda mrefu. Mwisho walikubaliana hivi: mpaka ile Jumamosi ya vuli Waswidi wanapowasha mishumaa makaburini. Siku hiyo Siv akitembea juu ya changarawe mbele ya daktari bila kuchechemea, wote wanne wanabaki. Asipotembea, ni wote wanne, kwa sababu hawatenganishwi. "Na wewe," Gunnel akaniambia, "utahamia chumba cha juu ya jiko. Mgonjwa haangaliwi kwa basi." Zilibaki wiki kumi.

Nilirudi Märsta kuchukua begi siku ya Jumapili. Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa, chai na maandazi, cherehani imefunikwa. Mbaya zaidi, wiki ile msimamizi wangu alikuwa amenipa zamu ya jioni juu ya ile ya asubuhi, kazi kamili, ambayo kila mtu alijua ndiyo mlango wa kupata nyumba yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeikataa. Mama Deo alikuwa ameshazipata habari. "Nyumba umekataa kwa ajili ya punda?" Nikasema ndiyo. "Mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa. Ukitoka na hilo begi, kochi hili usilikumbuke." Nikasema nitalikumbuka, ni kochi zuri, nikafunga zipu. Nilipofika mlangoni akasimama, akainua mikono kama wazee wetu wanavyosalimia, akasema kwa sauti ya sherehe: "Amasho!" Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Ya punda!"

Asiyetoka kwetu lazima nimweleze. Amasho ni makundi ya ng'ombe. Ndiyo salamu yetu ya heshima: nakutakia makundi ya ng'ombe. Anayesalimiwa hujibu Amashongore, makundi ya majike, yaani na yako yazae. Hata asiye na ng'ombe, hata aliye kambini na kibaba cha unga, akisalimiwa Amasho ni mtu kamili, na salamu hiyo haiachwi bila jibu. Na Mama Deo aliichukua akaning'oa nayo utu mbele ya watu. Wanawake walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamtazama usoni. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Sikulitoa. Nikachukua begi, na kwa kuwa nilikuwa na hasira na kwa kuwa niliuhitaji, nikachukua na utepe wake wa kupimia nguo uliokuwa umening'inia kwenye cherehani. Mpaka leo hajaupata.

Utepe ule ndio niliompimia Siv tumbo kila Jumatatu. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza, maana maisha yangu yote utepe ulikuwa wa kutafuta aliyekonda. Daktari alinionya nisimnyime chakula ghafla, punda akishinda na njaa mafuta humwagika kwenye damu akafa kwa siku chache. Nimpunguzie kidogo kidogo, kila kitu kwa mizani. Basi nikapima majani makavu, nikayaloweka usiku kucha ili utamu utoke, nikayachanganya na mabua, nikayaficha kwenye nyavu zenye matundu madogo ili ale polepole. Siv alinichukia. Alinigeuzia makalio, akajamba, na ndipo nikajua mwalimu wetu wa kambini alikuwa mkweli kwa sehemu. Nilimtandikia mabua mpaka magotini asimame laini. Kila wiki mbili daktari alikuja kuchonga kwato, na mara ya tatu akanipa tupa mkononi. "Jifunze. Mimi sitakuwepo kila siku." Nikajifunza, nimepiga magoti, mguu wa Siv kwenye paja langu, unga wa kwato mdomoni. Alfajiri nilikwenda uwanja wa ndege kwa baiskeli ya Gunnel, mchana nikarudi kwa baiskeli, na jioni nilikula viazi vyangu chini ya ile saa ya dakika saba mbele. Nilikuwa mpweke kama kijiko kwenye sufuria tupu. Lakini hakuna aliyeniambia nishukuru, na hilo lilinipumzisha kuliko usingizi.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi kavu. Lennart alikuja na tela nyuma ya gari, tela tupu, na kwa kweli sikuilaumu adabu yake, maana alikuwa ameliegesha nyuma ya ghala nisilione. Nililiona. Gunnel alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari, amefunikwa blanketi, kioo kimeshushwa. Daktari akasema, mlete kwenye changarawe. Kabla sijafika, Lennart alishika kamba yeye mwenyewe, labda alitaka yaishe haraka. Akavuta. Siv akasimama. Akavuta kwa mikono miwili, viatu vyake vikateleza. Siv hakusogea hata unywele. "Unaona," Lennart akamwambia daktari, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, "hawezi." Daktari akainamisha kichwa upande mmoja.

Kichwa kile! Ndicho kilichonipandisha hasira. Nikamwendea Lennart, mimi mfanya usafi wa miaka ishirini na mitatu, nikamwambia, "Achia kamba." Hakuachia. "Nimesema achia. Unamvuta, kwa hiyo anajua unaogopa." Kutoka kwenye gari ikaja ile sauti ya watoto mia tatu: "Lennart! Achia!" Akaachia. Sikuiokota kamba. Niliiacha ikiburuta. Nikampa Siv mgongo, nikaanza kutembea juu ya changarawe, nikitazama mbele kwenye msitu mtupu, nahesabu. Tano. Nane. Kumi na moja. Hakuna kitu. Kumi na mbili, kumi na tatu. Miguu yangu ilitaka kusimama na nikaikataza. Kumi na tisa. Tap. Sikugeuka. Tap, tap, tap, tap, miguu minne, vituo sawasawa, sauti ya mtu aliyeamua. Akanifikia, akanipita kidogo, akatia pua kwenye mfuko wa koti langu kutafuta mkate ambao tangu mwezi wa nane haukuwepo.

"Hachechemei," daktari akasema. Lennart alivua kofia akaivaa tena. Gunnel alikuwa anatazama dirishani na uso umelowa. Mchana ule alitaka apelekwe jikoni kwake, na pale mezani akamwamuru mwanawe aandike kwenye karatasi kwamba punda wanne, majina yao, ni wa Spesiose kuanzia leo. Aliweka sahihi yake ya mpishi, kubwa, imelala. "Wamekuja, wamekaa," akasema, akanitazama, na nilielewa kwamba hesabu yake haikuwa ya wanne. Nilitoka nje na karatasi ile. Nilikuwa sina nyumba, sina gari, sina mume, na nina punda wanne kwa maandishi.

Miaka ishirini na minane imepita. Gunnel tulimzika, na Lennart amenikodisha shamba na nyumba na hutangulia kunisalimu. Vyoo niliviacha, mimi ni fundi wa kwato sasa, wananiita kutoka mbali, na farasi wa matajiri huweka miguu kwenye paja hili hili. Tora, Knut na Pelle walitangulia kufa, wengine waliokataliwa wakaja, sasa nina wanne pamoja na Siv. Watatu, bila Siv. Na Mama Deo? Tulipatana, kama watu wa kwetu wanavyopatana, bila kusema. Alihamia Alby, aliniletea maharage nilipougua, nilimsindikiza alipofanyiwa upasuaji wa magoti. Tulisalimiana kwa Kiswahili, kwa Kiswidi, kwa simu, kwa kila namna. Ile salamu moja hatukuigusa tena.

Alhamisi nilimpigia nikamwambia Siv amekufa. "Nakuja," akasema, akakata. Kuna desturi ya kazi hii: punda akifa, mwili hauondolewi mara moja. Unawaachia wenzake. Wanakuja, wananusa, wanasukuma kwa pua, wanasimama, mpaka waelewe wenyewe na waondoke wenyewe; ukiwanyima hilo watalia na kutafuta kwa wiki nyingi. Nimeona punda akisusa chakula hadi kufa kwa sababu rafiki yake aliondolewa usiku bila yeye kuona. Ninajua watu wengi ambao hawakupewa nafasi ya kusimama hivyo. Kwa hiyo nilimwambia dereva wa lori la kubeba mizoga angoje barabarani, angoje kutwa kama ni lazima, na akinung'unika aje aniambie usoni.

Mama Deo alishuka basi saa saba na robo, miaka sabini na minne, fimbo mkononi, na amevaa imvutano. Ile nyeupe ya misiba mikubwa. Juu yake koti la baridi, chini yake viatu vya mvua. Alitembea peke yake mpaka kwenye uzio. Nilitaka kumshika mkono akanipiga kiganja. Akawatazama wale watatu waliomzunguka Siv, vichwa chini, hakuna anayesogea. Alisimama nao kwa muda mrefu, magoti yake yale. Hatimaye mmoja akatikisa masikio, akaondoka kwenda kwenye maji, na wa pili akamfuata, kisha wa tatu. Mama Deo akaniegemezea fimbo begani kama mtu anayetundika koti. Akageuka kunikabili, akainua mikono miwili.

"Amasho," akasema.

Nikangoja kilichobaki. Hakukuwa na kilichobaki. Mikono yake ilikuwa bado juu, na nilimwacha aishikilie hivyo kidogo, maana miaka ishirini na minane si mchezo. Halafu nikamjibu.

"Amashongore, Mama."